Gundi Inayokubali Kuachia

Chombo cha Portland, kioo cha Warumi kilichovunjwa vipande vipande katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 1845, kimeungwa mara tatu. Gundi mbili za kwanza zilizeeka, kikafumuliwa na kuungwa upya. Kazi ya tatu, iliyokamilika 1989, ilitumia epoksi. Inashika, sibishi. Ila hapo ndipo mimi na mafundi tunapoachana: epoksi ikishaganda, kuibandua ni shughuli, na nyingi hugeuka manjano. Paraloid B-72 haina nguvu hizo, lakini asetoni huiyeyusha. Sasa jamani, kama gundi mbili tayari zimeshindwa na wakati, kwa nini fundi wa tatu asimwachie wa nne mlango wazi?