Kiambishi -ki- Chini ya Picha za Askofu: Otunga na Jimbo la Kisii

Mhakiki wa picha huanza kwa kutazama mwanga na mpangilio wa watu. Hata hivyo, katika picha za viongozi wa dini sehemu kubwa ya maana imo katika maneno machache yaandikwayo chini yake. Maneno hayo ni utungo, na yafaa yahakikiwe kama utungo mwingine wowote.

Maurice Michael Otunga, Mbukusu kwa kuzaliwa, aliliongoza Jimbo Katoliki la Kisii tangu lilipoundwa mwaka 1960 hadi 1969. Jimbo hilo lilikusanya Abagusii wa sehemu ambazo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, pamoja na Wajaluo wa Nyanza Kusini. Jimbo la Homa Bay lilitengwa nalo mwaka 1993. Huko Kisii Otunga alikuwa Mhashamu. Mwaka 1973, akiwa Askofu Mkuu wa Nairobi, alifanywa Kardinali wa kwanza wa Kenya, akawa Mwadhama. Alifariki mwaka 2003. Mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulipoanzishwa, akaitwa Mtumishi wa Mungu.

Basi, maelezo ya namna ya “Mwadhama Otunga akiwabariki waumini” yakiwekwa chini ya picha ya 1964, yana kasoro tatu. Kwanza, cheo cha baadaye kinamfunika askofu wa makamo aliyekabidhiwa jimbo changa. Pili, kiambishi -ki- hupata wakati wake kutokana na kitenzi kikuu. Hapa kitenzi hicho hakipo, na tendo linaelea nje ya historia. Tatu, neno “waumini” linawafuta Mgusii na Mjaluo, katekista na mama aliyembeba mtoto.

Yaweza kujibiwa kwamba -ki- inaafiki picha, kwa kuwa picha nayo huonyesha tendo lisilokwisha. Jibu hilo lina uzito, wala haipasi kiambishi hicho kiachwe. Kinachotakiwa ni kukitia nanga: mwaka, mahali, cheo cha siku ile, na majina ya watu wanaotambulika. Kazi hiyo haingoji. Wawezao kuzitambua nyuso za miaka ya 1960 sasa ni wazee. Wakiisha wao, picha zitabaki na askofu mmoja mwenye vyeo vyote, na umati usio na jina.