Ua Kama Matini: Sanaa ya Vikorokoro na Sheria za Ujenzi katika Miji ya Marekani

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi aghalabu huikuta kazi ya sanaa ikiwa imekwisha kuandikwa, kuhaririwa na kupigwa chapa. Zipo kazi, hata hivyo, ambazo kwa maumbile yake hazifikii hatua hiyo, na ambazo msomaji wake wa kwanza mwenye mamlaka ni mkaguzi wa majengo. Miongoni mwa kazi hizo ni sanaa ya uani iliyostawi katika miji kadhaa ya Marekani: minara, mapango na nyumba zilizopambwa kwa vitu vilivyotupwa, na watu waliofanya hivyo katika mitaa ya makazi bila ya kuagizwa na yeyote. Makala haya yanachunguza mifano mitatu, ya Austin, Los Angeles na Detroit. Hoja yake kuu ni kwamba mgogoro baina ya kazi hizo na sheria za mji una mzizi katika tofauti ya namna mbili za utunzi. Ikiwa hoja hiyo ina mashiko, basi inamgusa pia mtafiti wa fasihi simulizi ya Kiafrika, ambaye mara nyingi hujidhania kuwa yuko upande wa msanii.

Kanisa la Austin

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Vince Hannemann alianza kujenga nyuma ya nyumba yake, kusini mwa Austin, jimbo la Texas, kitu kilichokuja kuitwa Cathedral of Junk, yaani Kanisa Kuu la Vikorokoro. Baiskeli, vifuniko vya magurudumu, televisheni mbovu na mabaki mengine ya maisha ya mji yalifungwa kwa nyaya hata yakawa kuba, ngazi na vijia. Uzito wake ulikadiriwa kuwa zaidi ya tani 60. Mwaka 2010, baada ya malalamiko kuifikia idara ya jiji, Hannemann alitakiwa awe na kibali cha ujenzi, na sehemu kadhaa za kazi hiyo zikabidi kubomolewa, kwa msaada wa watu waliojitolea, ili nyingine zinusurike.

Sheria ya ujenzi ni matini, nayo ina tanzu zake. Inatambua nyumba, banda, uzio na taka, na kila utanzu una masharti yake. Kazi ya Hannemann ilikuwa na kitu cha kila utanzu na haikutosha katika hata mmoja. Mwanaanthropolojia Mary Douglas alikwisha kuonyesha, mwaka 1966, kwamba kinachoitwa uchafu hutegemea mpangilio wa jamii inayokiita hivyo. Gurudumu la baiskeli barabarani ni chombo, jalalani ni taka, na katika kuba la Austin ni dirisha la kupitishia mwanga. Mkaguzi aliyefika pale hakuwa mjinga wala katili. Alikuwa msomaji aliyepewa orodha ya tanzu isiyokuwa na jina la kile alichokiona.

Lakini tatizo la jina ni dogo kulinganisha na tatizo la wakati. Kibali huombwa kabla ya ujenzi, na huambatana na mchoro. Sheria huchukulia kwamba kazi ipo kwanza akilini na karatasini, kisha mikono inaitekeleza. Sanaa ya uani haitungwi hivyo. Kilichookotwa leo ndicho kinachoamua ukuta wa kesho utaelekea wapi. Albert Lord, katika The Singer of Tales (1960), alieleza jinsi manju wa tendi za Yugoslavia anavyotunga utendi wakati ule ule anapouimba. Mtafiti yeyote wa ngano na tendi za Afrika anaifahamu hali hiyo: hakuna nakala iliyotangulia utendaji. Kumtaka Hannemann mchoro wa kanisa lake ni sawa na kumtaka fanani awasilishe hadithi iliyoandikwa kabla ya kuruhusiwa kufungua kinywa.

Minara ya Watts

Mfano wa pili ni wa kale zaidi na ndio unaotajwa sana na watetezi wa sanaa hii. Simon Rodia, mhamiaji kutoka Italia, alijenga minara yake katika mtaa wa Watts, Los Angeles, kwa muda wa miaka 33, kuanzia 1921 hadi 1954, kwa chuma, saruji, vipande vya vigae, chupa na makombe. Mrefu kuliko yote unakaribia mita 30. Baada ya Rodia kuondoka, jiji liliamuru minara ibomolewe kwa kuwa ni hatari. Watetezi wakaomba ipimwe, na Oktoba 1959 ikavutwa kwa nguvu ya ratili 10,000, takriban kilo 4,500, bila ya kuanguka. Amri ikaondolewa, na mwaka 1990 minara ikatambuliwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Tukio hilo husimuliwa kama ushindi wa sanaa dhidi ya urasimu. Ukilitazama kwa makini, lina kinaya. Swali lililoulizwa lilihusu uimara, na jibu likatolewa kwa ratili. Uzuri wa minara, maana yake, na miaka 33 ya mtu mmoja, havikuingia katika mizani hata kidogo. Lau minara ile ingekuwa dhaifu, uzuri wake usingepungua, ila isingekuwapo. Sanaa iliokolewa kwa lugha isiyokuwa yake, na kila anayeutumia mfano wa Watts kutetea ua mwingine anakubali, pengine bila ya kujua, kwamba lugha hiyo ndiyo yenye neno la mwisho.

Detroit: nani ana haki ya kumaliza?

Tyree Guyton alianza mwaka 1986, pamoja na babu yake Sam Mackey, kuzipamba nyumba zilizotelekezwa katika mtaa wa Heidelberg, Detroit, kwa rangi za madoadoa, wanasesere, viatu na vyombo vya nyumbani. Mji uliokuwa na watu 1,849,568 mwaka 1950 ulikuwa umebaki na 713,777 kufikia sensa ya 2010, na nyumba zile zilikuwa ushahidi wa kuhama huko. Serikali ya mji ilibomoa baadhi ya kazi hizo mara mbili, Novemba 1991 na Februari 1999. Meya wa mara ya kwanza, Coleman Young, na wa mara ya pili, Dennis Archer, wote walikuwa Waamerika Weusi, na baadhi ya majirani waliunga mkono ubomoaji, kwa kuwa si kila mtu hufurahi umaskini wa mtaa wake ukifanywa maonyesho. Kwa hiyo tafsiri nyepesi ya mnyonge na mnyanyasaji haitoshi hapa. Mioto ya miaka ya 2013 na 2014 iliteketeza nyumba nyingine kadhaa. Kisha mwaka 2016 Guyton mwenyewe akatangaza kwamba ataipangua kazi hiyo hatua kwa hatua.

Tangazo hilo linaangaza suala zima. Kitu kilichobomolewa na tingatinga na kitu kilichopanguliwa na mtunzi wake huacha uwanja ule ule mtupu, ilhali maana zake ni mbalimbali kabisa. Fanani anayetamka kwamba hadithi yake imeishia hapo amekamilisha kazi, anayenyamazishwa hajakamilisha. Haki ya kumaliza ni sehemu ya utunzi, nayo ndiyo sheria ya ujenzi inayoichukua inapojifanya mhariri.

Mgeni na mwenyeji

Inabaki kueleza kwa nini ua uliovumiliwa kwa miaka 20 unageuka kosa. Austin ilikuwa na wakazi 656,562 mwaka 2000, na 961,855 mwaka 2020. Wenye kipato walipomiminika, bei za ardhi na kodi za nyumba zilipanda, na wakazi wa zamani wakasukumwa pembeni, hususan katika mitaa ya mashariki ambako mpango wa jiji wa 1928 ulikuwa umewakusanya Weusi. Mwaka 2000 ndipo pia ilipozuka kaulimbiu ya kuwataka watu wauhifadhi uajabu wa Austin, ikakumbatiwa na wafanyabiashara. Mji ukauza uajabu kwa wageni, na wageni wakaleta thamani ya ardhi ambayo uajabu wenyewe haukuweza kuilipia. Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja na mwenyeji ameugua.

Hata hivyo, haifai kuitupilia mbali sheria yenyewe. Moto na maporomoko huua, na jirani ana haki zake. Historia ya ushairi wa Kiswahili inatoa funzo. Baada ya Kaluta Amri Abedi kuziandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na Kezilahabi kuzivunja katika Kichomi (1974), wengi waliiona arudhi kuwa pingu. Lakini Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972, alitunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) kwa kuifuata arudhi hiyo hiyo, na dola haikupata faraja yoyote kwa mizani kutimia. Sharti likitoka ndani ya sanaa humpa mtunzi nguvu. Sharti linaloumiza ni lile linalotoka nje na kudai kujua kazi itakavyokuwa kabla haijawa.

Hitimisho

Mtafiti anayenasa utendaji mmoja wa ngano, akauchapisha na kuuita matini sahihi, kisha akaukosoa utendaji wa fanani mwingine kwa kutofautiana nao, amefanya kazi ya mkaguzi: ametoa kibali kwa umbo moja na kuyaharamisha mengine. Tofauti ni kwamba yeye hana tingatinga. Mkaguzi wa Austin angalau aliwajibika kwa usalama wa watu. Mhakiki hana udhuru huo, na kabla ya kuwashutumu wanaobomoa nyua za wenzao, hapana budi aikague kwanza orodha yake mwenyewe ya tanzu.