Mchoro wa Nyumba ya Vipande: Namna ya Kuutambua Ulio Bora

Kuta nyeupe, bustani ya kijani na gari jipya mlangoni: picha kama hiyo ya kompyuta humvutia mnunuzi, lakini haisemi lolote kuhusu ubora wa mchoro wa nyumba ya vipande, yaani nyumba ambayo kuta, sakafu na ngazi zake hutengenezwa kiwandani kisha zikapachikwa kiwanjani. Mjuzi wa kazi hii huipita picha upesi na kufungua karatasi ya maungio. Fundi cherehani hupimwa kwenye mshono. Mchoraji wa vipande naye hupimwa pale kipande kimoja kinapokutana na kingine.

Anza na ungio

Tafuta mchoro wa ungio uliokuzwa, kwa skeli ya 1:5 au zaidi. Uulize maswali manne. Ni nini kinachobeba uzito? Ni nini kinachozuia kipande kisichomoke? Mvua inazuiwaje? Na mkono wa fundi unapita wapi? Swali la nne ndilo linalosahaulika zaidi.

Ronan Point lilikuwa jengo la ghorofa 22 mashariki mwa London, lililojengwa kwa paneli kubwa za zege. Tarehe 16 Mei 1968 gesi ililipuka katika ghorofa ya 18, paneli za ukuta zikasukumwa nje, na kona nzima ya jengo ikaporomoka. Watu 4 walifariki. Paneli hazikuwa zimefungamanishwa vya kutosha. Jengo lilipofumuliwa mwaka 1986, baadhi ya maungio yalikutwa na magazeti mahali palipopaswa kujazwa saruji. Ndiyo maana mchoraji hodari haachi ungio ambalo fundi halifikii na msimamizi halioni.

Milimita zina hesabu yake

Programu huchora mstari bila kosa, kiwanda hakiwezi. Paneli moja ikizidi kwa milimita 3 hakuna atakayegundua. Zikiwa 10 zimepangwa bega kwa bega, ya mwisho imevuka mpaka kwa sentimita 3. Mchoro dhaifu huzionyesha paneli zimegusana kabisa. Mchoro bora huacha pengo lenye kipimo, hutaja ziada na upungufu unaokubalika, na hupima mahali pa kila paneli kutoka mstari mmoja mkuu wa jengo, si kutoka paneli jirani, ili makosa yasirithishane.

Pengo hilo pia ni la joto. Boriti ya chuma ya mita 12 hurefuka kwa takriban milimita 4 joto likipanda kwa nyuzi 30 za Selsiasi. Isipopewa nafasi, itaitafuta yenyewe kwa kupasua plasta.

Kipande kikiwa hewani

Paneli ya zege ya mita 6 kwa 3, yenye unene wa sentimita 15, ina uzito wa karibu tani 7. Uzito huo uandikwe kwenye karatasi yake, kwa kuwa dereva wa kreni anapaswa kuujua kabla ya kunyanyua. Kisha angalia vitanzi vya kunyanyulia. Paneli inayonyanyuliwa ikiwa imelala hushikwa vizuri kwenye pointi zilizo karibu sehemu moja ya tano ya urefu kutoka kila ncha. Ikishikwa nchani kabisa, hupinda katikati na kupata ufa. Paneli ikiwa na mlango upande mmoja, kitovu cha uzito kimehama, na vitanzi vihame pia. Mchoro utaje hata pembe ya minyororo: minyororo miwili ikilala kwa nyuzi 30 tu kutoka usawa, kila mmoja unavutwa kwa nguvu sawa na uzito wote wa kipande.

Fungua faili lenyewe

Usiridhike na PDF. Omba faili unaloweza kulihariri, kisha ulijaribu. Vuta ukuta kidogo: namba ya kipimo isipobadilika, kuna mtu aliyeiandika kwa mkono, na hakuna kipimo kingine cha kuaminika humo. Badilisha dirisha moja: aina yote ya dirisha hilo ibadilike jengo zima. Uwezo huo si mpya. Ivan Sutherland aliuonyesha katika programu yake ya Sketchpad mwaka 1963, pale MIT. Mchoraji anayenakili dirisha mojamoja ametumia kompyuta kama penseli.

Kagua pia vipande vilivyogeuzwa kushoto kulia. Kwenye skrini kugeuza ni kubofya tu, lakini kiwandani ni kalibu nyingine, yenye bawaba na soketi upande mwingine. Vikipewa alama moja, kiwanda kitatoa vyote vya kushoto.

Je, kipande kinatoka?

Jengo la Nakagin, Tokyo, la mwaka 1972, lilikuwa na vyumba 140 vya kiwandani, kila kimoja kikishikiliwa na bolti 4 kwenye mnara. Msanifu Kisho Kurokawa alilibuni ili vyumba vibadilishwe vikichakaa. Havikubadilishwa, na jengo likavunjwa mwaka 2022. Kukitoa chumba kimoja kulidai kwanza kuviondoa vilivyo juu yake. Mchoro ukidai kwamba vipande vinabadilishika, uonyeshe njia ya kutokea: bolti inafikiwa kutoka upande gani, bomba linakatwa wapi, jirani anabaki mahali pake au la.

Jaribio la mwisho

Mwombe mchoraji akusimulie siku ya upachikaji tangu lori linapofika: kipande gani kwanza, kinaegemea nini kabla zege la ungio halijakauka, nani anakaza bolti na amesimama wapi. Mchoraji aliyeikamilisha kazi atajibu huku akikuonyesha karatasi husika. Akianza kubuni majibu papo hapo, mrudishie mchoro kabla kalibu hazijatengenezwa.