Kati ya Chuma na Alumini
Pikipiki inayofika kwa fundi mmoja wa Wamaza, mashariki mwa Kongo, huwa imeshaonja barabara. Imetoka Kasongo au Kabambare, pengine Salamabila, kwenye dhahabu ya Namoya. Imevuka vijito na matope, na mara nyingi imebeba gunia la chumvi lililolowa mvua njia nzima. Mwenyewe analalamikia kifuniko cha klachi kinachovuja. Fundi hagusi spana kwanza. Anachuchumaa, anapitisha kidole kuzunguka kichwa cha kila bolti, kisha anautazama unga mweupe ulionata kidoleni.

Unga huo ni alumini iliyoliwa. Kasha la injini ni la alumini, bolti ni za chuma, na metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yao bila betri yoyote. Alumini ndiyo hujitoa, chuma husalimika. Tena kilicholiwa hakiondoki: hugeuka unga unaotaka nafasi kubwa kuliko metali yenyewe, ukaikaba bolti ndani ya tundu lake. Anayeilazimisha hubaki na kichwa mkononi, shina likasalia ndani.

Huyu hailazimishi. Jioni anadondoshea kila bolti mafuta ya taa yaliyotiwa mazutu kidogo, anaiacha ilale hivyo. Asubuhi anagonga vichwa kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi ya kuuvunja unga tu. Nyingi hukubali. Moja ikigoma, anashusha tangi la petroli na kulipeleka mbali, anachomoa pande la chuma kwenye makaa na kuliegemeza kwenye kasha, kando ya bolti. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, hivyo tundu hulegea kabla bolti haijanenepa. Sasa ndipo spana inaingia: robo ya mzunguko kufungua, nusu ya hiyo kurudisha, tone la mafuta, tena. Hasemi neno mpaka itoke nzima.

Usafi ndio unaochukua muda, na hapo ndipo namheshimu zaidi. Bolti anazisugua kwa brashi ya waya. Kwa matundu ana kifaa chake mwenyewe: bolti kuukuu aliyoichonga mfereji kwa msumeno, toka ncha hadi karibu na kichwa. Anaizungusha taratibu kwa vidole, uchafu unakusanyika mferejini, anaitoa, anaifuta, anairudisha. Hesi za alumini hazipungui hata kidogo. Kisha petroli kidogo, kisha upepo wa pampu ya kinga hadi tundu likauke.

Mteja ameleta bolti mpya zinazong'aa, za chuma kisichoota kutu.

“Hizi haziliwi, fundi.”

“Ndiyo, ndugu yangu. Ndiyo maana zitakula kasha.”

Amesema kweli. Chuma cha aina hiyo kiko mbali zaidi na alumini katika mpangilio wa metali, kwa hiyo huichochea iliwe upesi. Fundi anachagua bolti za kawaida zilizopakwa zinki, kwa kuwa zinki na alumini ni majirani. Zinapendeza macho kidogo tu, lakini kasha litadumu.

Halafu grisi, utando mwembamba kwenye hesi na chini ya kichwa, wa kuyafungia maji njia. Waingereza waliona nguvu ya kizuizi kama hicho kwenye manowari Alarm, iliyovikwa mabamba ya shaba mwaka 1761. Ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma ilikuwa imeharibika vibaya, isipokuwa pale ambapo karatasi iliyofungia mabamba ilisahauliwa katikati. Hata mitungi ya hewa ya wapiga mbizi huko Unguja na Mafia ina ugonjwa huu: mtungi ni wa alumini, valvu ni ya shaba ya njano, na asiyeifungua valvu kila mwaka, akasafisha hesi zake na kuzipaka grisi ya silikoni, mwishowe huikuta imeng'ang'ania.

Fundi hajazi grisi tunduni. Tundu lisilo na upenyo upande wa pili, likijaa, bolti inaposhuka huisukuma grisi hadi kasha lipasuke. Anaingiza bolti zote kwa vidole, anazikaza kwa mkingamo kwa spana fupi, mkono ukiwa mwepesi kuliko kawaida, maana bolti yenye grisi hukazika zaidi kwa nguvu ileile.

Bugi, ambayo nayo ilichomolewa, inaingia mwisho. Anaishusha kwa vidole mpaka ikalie washa yake mpya, ndipo anaongeza nusu mzunguko kwa spana. Anamwambia mwenyewe airudishe pikipiki kabla mvua za Septemba hazijaanza, hata kama haivuji, ili bolti zifunguliwe, zifutwe na kupakwa upya.