Max Linder na Kicheko cha Heshima

Tukitaja filamu bubu za kuchekesha mbele ya wanafunzi wetu, jina linalowajia mdomoni ni moja tu: Charlot. Wachache huongeza Buster Keaton, au Laurel na Hardy, basi. Max Linder, Mfaransa aliyewatangulia wote hao, hatajwi. Na akitajwa, hutajwa kama ngazi tu ambayo Charlie Chaplin aliikanyaga apate kupanda. Ni kweli kwamba Chaplin alimwandikia kwenye picha kuwa yeye ni mwanafunzi wake. Lakini sifa hiyo imemdhuru Max kuliko kumfaa, kwani tangu hapo mwalimu hupimwa kwa kipimo cha mwanafunzi. Katika kurasa hizi twataka kumsoma kwa kipimo chake mwenyewe.

Jina lake halisi lilikuwa Gabriel Leuvielle. Alizaliwa mwaka 1883 huko Saint-Loubès, karibu na Bordeaux, akaanza kuigiza katika filamu za kampuni ya Pathé mwaka 1905. Mhusika aliyemuumba, ambaye naye anaitwa Max, ni kijana wa Paris mwenye mali: kofia ndefu ya hariri, koti jeusi, glovu, fimbo, masharubu yaliyotunzwa. Charlot hana kitu; akianguka, atapoteza nini? Max ana kila kitu, na zaidi ya yote ana heshima yake, ambayo yuko tayari kuilinda hata akiwa amelala chali matopeni. Msomaji aliyewahi kumwona sapeur wa Kinshasa akivuka dimbwi la maji mtaani bila kukunja uso amekwisha kumwelewa Max nusu.

Filamu ya kuanzia ni Max victime du quinquina, ya mwaka 1911, isiyotimiza dakika 20. Max anajihisi mnyonge. Daktari anamwandikia mvinyo uliotiwa gome la mti ule ule unaotupatia kwinini. Anywe glasi moja. Max ni mgonjwa mtiifu, anakunywa glasi moja kamili, ila glasi yenyewe ni kubwa ajabu. Akisha kulewa anaingia mjini na kugombana na mabwana wakubwa, mmoja baada ya mwingine, miongoni mwao kamishna wa polisi, balozi na waziri wa vita. Kila mmoja, kwa desturi ya tabaka lile, anamkabidhi kadi yenye jina lake ili baadaye wakutane kupigana kwa silaha. Kisha polisi wanamkuta Max akiyumba. Wanataka kumshika, wanaiona kadi, mara wanasimama wima, wanampigia saluti na kumsindikiza kwa upole hadi nyumbani “kwake”, yaani kwa yule mwenye kadi.

Sisi wahakiki wa Kiswahili tumezoea kuutafuta ucheshi katika maneno: utani, mafumbo, majina ya kejeli, methali iliyopindwa. Filamu hii haina neno linalotamkwa, na hata hivyo kiini chake ni neno, neno lililochapwa kwenye kipande cha karatasi. Polisi hawamsomi mtu, wanasoma kadi. Mlevi ni yule yule, anayumba vile vile. Kilichobadilika ni jina alilo nalo mfukoni. (Yeyote aliyevuka kizuizi cha barabarani kwa nguvu ya karatasi yenye mhuri mkubwa atacheka hapa kwa sababu zake mwenyewe.) Kejeli hii juu ya vyeo ni kali kuliko hotuba, wala si Max anayeitoa: yeye anataka kulala tu.

Kazi pana zaidi ni Seven Years Bad Luck, aliyoiongoza na kuiigiza Marekani mwaka 1921. Watumishi wake, katika michezo yao ya mapenzi, wamevunja kioo kikubwa cha chumbani. Ili bwana asijue, mpishi anayefanana naye anavishwa kama yeye, anasimama nyuma ya fremu tupu na kuiga kila tendo la Max anayetaka kunyoa ndevu. Tazameni utulivu wa kamera katika tukio hili. Hakuna kukimbizana, mtazamaji anaachiwa muda wa kulinganisha mkono na mkono, nyusi na nyusi. Max anashuku, anamtega mwenzake, na anapoamua kumwadhibu, kioo kipya kimekwisha kuwekwa: anakivunja yeye mwenyewe, na nuksi ya miaka saba inakuwa yake kwa haki.

Chaplin alikuwa ameugusa mchezo unaokaribiana na huo katika The Floorwalker mwaka 1916, na ndugu Marx waliurudia katika Duck Soup mwaka 1933. Kwa Max, lakini, anayesimama ndani ya fremu ni mtumishi aliyeivaa heshima ya bwana, na kwa dakika kadhaa bwana hawezi kuthibitisha kwamba uso ule si wake. Baada ya hapo filamu inalegea. Mambo ya treni na tiketi yanarefushwa mno, na hadithi ya uchumba imeshonwa kwa uzi hafifu. Inainuka tena Max anapoingia katika tundu la simba kuwakwepa polisi.

Vita vya 1914-1918 vilimharibia afya, na mwaka 1925 alikufa mjini Paris pamoja na mkewe kijana, katika mkasa ambao hatutausimulia hapa. Binti yao Maud hakuwa ametimiza miaka miwili. Filamu nyingi za baba yake zilikuwa zikipotea, na yeye, asiyekuwa na kumbukumbu yoyote ya uso wake, alitumia maisha yake kuzitafuta na kuziokoa hadi alipofariki mwaka 2017. Mwaka 1963 alitoa En compagnie de Max Linder, aliyoiunga kutokana na kazi tatu za Marekani, na mwaka 1983 L'Homme au chapeau de soie. Deni letu kwake ni kubwa. Lakini filamu tatu zikibanwa kuwa moja, mtazamaji hupewa kilele bila mlima, na Max ni msanii wa kupanda polepole. Mwenye uwezo wa kuipata Seven Years Bad Luck nzima aanze na hiyo, na muziki uliobandikwa baadaye auzime, walau katika tukio la kioo.