Kafara na Neema katika Ngano ya Cheptalel

Utangulizi

Miongoni mwa ngano za Wakalenjin, hususan Wakipsigis wa Kericho na Bomet, ni chache zinazojulikana kama ile ya Cheptalel. Kiini chake ni hiki: ukame unaiangamiza nchi, wazee wanakutana na kuamua kwamba mwanamwali atolewe ili mvua inyeshe. Cheptalel anateuliwa. Anaelekea kwenye maporomoko ya maji huku akiimba, na kijana ampendaye anamfuata kwa siri. Mwisho hutofautiana kutoka kwa mtambaji mmoja hadi mwingine, lakini katika matoleo mengi kijana anajitokeza na kumwokoa, nayo mvua inanyesha.

Ngano hii inatambwa leo miongoni mwa watu ambao wengi wao ni Wakristo. Ni rahisi basi msomaji kumwona Cheptalel kuwa kivuli cha Kristo. Makala haya yanakusudia kuupima ulinganisho huo. Hoja inayotetewa ni kwamba ulinganisho una msingi, ila huwekwa mahali pasipo pake: Cheptalel hafanani na Kristo katika faida ya kifo chake kwa jamii, bali katika kilio chake dhidi ya kifo hicho.

Mvuto wa ulinganisho

Sababu za kuwalinganisha wahusika hawa wawili ziko wazi. Wote hawana hatia. Wote wanapelekwa kufa kwa ajili ya wengi, na wote wanakwenda bila kutumia nguvu kujinasua. Zaidi ya hayo, watafiti wa dini za jadi wamelitaja jina Cheptalel miongoni mwa majina ya Mungu yanayotumiwa na Wakipsigis, sambamba na Asis. Mhusika anayetolewa kafara analibeba jina la Yule anayetarajiwa kuipokea. Mhakiki Mkristo angeweza kuishia hapo na kutangaza kwamba Injili ilikuwa imekwisha kutabiriwa katika nyanda za juu za Kericho.

Hata hivyo, mfanano wa matukio si mfanano wa maana. Swali la kwanza la uhakiki linapaswa kuwa: nani anaamua, na nani anatolewa? Katika ngano, wanaoamua ni wazee. Anayetolewa ni msichana asiye na sauti barazani. Hakuna mzee anayejitoa mwenyewe. Katika Injili ya Yohana, kinyume chake, Yesu anasisitiza kwamba uhai wake hauondolewi na mtu bali anautoa kwa hiari. Ni kweli kwamba Injili nayo ina baraza la wazee, na Kayafa anatoa hoja ileile ya wazee wa ngano, kwamba yafaa mmoja afe kuliko taifa zima liangamie. Lakini Kayafa si msemaji wa imani katika matini hiyo. Ni mmoja wa wanaomhukumu Yesu. Mwandishi anaona katika maneno yake maana ambayo Kayafa mwenyewe hakuikusudia, wala kwa kufanya hivyo hamtakasi. Anayemsifu Cheptalel kwa sababu kifo chake kingeleta mvua anasimama upande wa Kayafa bila kujua.

Kafara na neema

Msamiati wa Kiswahili unasaidia kulifafanua jambo hili. Kafara, katika matumizi ya kawaida, ni kitu kinachotolewa ili balaa liondoke. Kina thamani kwa kuwa kinaondoka na balaa hilo. Neema, kwa upande wake, ina maana mbili. Maana ya kwanza ni wingi wa riziki: mvua ni neema, na aliyeneemeka ni aliyepata mali na utulivu. Maana ya pili, iliyojengwa na waraka wa Paulo kwa Warumi, ni kipawa kisichostahiliwa wala kulipiwa. Ngano ya Cheptalel inaishi katika maana ya kwanza: kafara ni bei, neema ni bidhaa. Paulo anaugeuza mpangilio huo. Kwake neema inatangulia. Ikilipiwa, si neema tena bali ujira.

Pingamizi linaweza kutolewa hapa kwamba Agano Jipya lenyewe limejaa lugha ya dhabihu, damu na fidia. Hilo halikanushiki. Lakini Waraka kwa Waebrania, ambao unaitumia lugha hiyo kuliko kitabu kingine chochote cha Agano Jipya, unaitumia ili kuifunga: dhabihu imetolewa mara moja tu, hivyo hakuna nyingine inayohitajika. Katika karne ya 20, mhakiki Mfaransa René Girard alieleza kwamba masimulizi ya mateso ya Yesu yanaufichua utaratibu wa jamii kujipatia amani kwa kumwangamiza mmoja, kwa kuwa yanasema wazi kwamba aliyeuawa hakuwa na hatia. Si lazima kuikubali nadharia yake yote ili kuona manufaa yake kwa ngano hii.

Wimbo na mvua

Ushahidi mkubwa umo katika fani ya ngano yenyewe. Barazani Cheptalel hasemi. Njiani anaimba, na wimbo ni mahali pekee anapopewa usemi. Kwa kuwa wimbo wa ngano kwa kawaida huitikiwa na hadhira, wasikilizaji wanajikuta wakiitikia maombolezo ya yule ambaye wazee wamemhukumu. Maudhui yanatoa hoja ya wazee. Fani inaitilia shaka. Hapa ndipo msalaba unapokaribia, kwani Yesu naye, katika Marko na Mathayo, anakufa akililia kuachwa kwa maneno ya Zaburi ya 22.

Mwisho wa ngano unaitimiza shaka hiyo. Msichana anaokolewa na mvua inanyesha. Kama mvua ingekuwa bidhaa iliyosubiri bei, isingenyesha kabla ya malipo. Huenda ikasemwa kwamba utayari ulitosha, kama ilivyokuwa kwa Ibrahimu na Isaka. Lakini kwa Ibrahimu aliyezuia kisu ni yuleyule aliyeamuru. Katika ngano uamuzi wa wazee haukutenguliwa, bali ulivunjwa na kijana mmoja aliyependa. Grace Ogot, katika hadithi fupi inayotokana na ngano ya Kijaluo iliyo jamaa ya hii na iliyomo katika mkusanyiko *Land Without Thunder* (1968), anamaliza vivyo hivyo: Oganda anaokolewa na Osinda, kisha mvua inamwagika. Matoleo haya hayana msamiati wa kiteolojia, lakini yanajua kwamba mvua haikununuliwa. Hapo ndipo neema kwa maana ya Paulo inapopenya katika ngano iliyoanza kwa biashara.

Muktadha wa mashamba ya chai

Suala hili si la kinadharia tu. Kericho ni nchi ya mvua nyingi, na mvua hiyo ndiyo iliyoyavuta makampuni ya chai ya Waingereza katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wamenyang'anywa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1934 serikali hiyo ilitunga sheria ya kuwahamishia watu wa ukoo wa Talai huko Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria: ukoo mzima ukatolewa ili utawala upate utulivu. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Katika muktadha huo, mahubiri yanayomwambia mchumaji chai kwamba mgongo wake unaouma ni msalaba wake yanahitaji kuhakikiwa kwa makini. Mateso ambayo mtu anajitwika kwa kumpenda mwingine ni jambo moja. Mateso ambayo mtu anatwikwa ili mwingine aneemeke ni jambo lingine. La kwanza ndilo linaloitwa msalaba. La pili ni uamuzi wa wazee wa Cheptalel.

Hitimisho

Ngano ya Cheptalel haihitaji kubatizwa ili iheshimiwe, wala imani ya Kikristo haihitaji mwanamwali wa maporomoko ili ithibitishwe. Zinaposomwa pamoja, kila moja inaiuliza nyenzake swali gumu. Injili inaiuliza ngano kwa nini wazee hawakwenda wenyewe kwenye maporomoko. Ngano nayo inawauliza wanaoihubiri Injili ni akina nani bado wanatumwa huko, na kwa nini wimbo wao hauitikiwi.