Kuisubirisha Sauti

Fundi wa sauti anayefanya kazi Tanga ana bahati ambayo mwenzake wa Arusha hana: majina mengi ya mahali pake yanazaliwa midomoni. Pangani. Pongwe. Muheza. Mombo. Maramba. Bumbuli. Mabawa. Huwezi kutamka hata moja bila kufumba midomo kwanza, wakati Arusha unaitamka mwanzo hadi mwisho kinywa kikiwa wazi. Na huko kufumba midomo ndiko fundi anakokodolea macho taarifa ya habari inaposomwa. Msomaji akiitaja Pangani, midomo yake ikutane, iachane, na "pa" isikike pale pale inapoachana. Ikisikika midomo ikiwa bado imefumbwa, sauti imetangulia. Ikisikika kinywa kimeshakuwa wazi, imechelewa. Mkononi fundi hana kipimo chochote ila rimoti.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni wa juzi juzi, na wanaoufanya bado tunawaita mafundi redio kwa sababu hatujawatafutia jina jingine. Ni kazi ya kuitoa sauti ndani ya televisheni bapa, kuipitisha kwenye kikasha kidogo kiitwacho konvata, kuifikisha kwenye amplifaya au sabufa, kisha kuhakikisha imefika pamoja na picha yake. Wateja wengi hudhani ni kazi ya kuchomeka waya, na ndiyo maana hulipa kwa kusitasita. Waya huchomekwa kwa dakika chache. Saa nzima inayobaki ni ya kusikiliza.

Zamani haja hii haikuwapo. Tivii ya chogo, pamoja na uzito wake wa kuhitaji watu wawili kuihamisha, ilikuwa na nafasi tumboni ya kuweka spika inayomtazama mtu usoni. Flati haina tumbo. Spika zake ni nyembamba, mara nyingi zimeelekezwa sakafuni au ukutani, na besi haziwezi kuitoa kwa sababu besi inataka hewa nyingi ya kusukumwa. Kwa mji mwingine huenda hilo si msiba. Kwa Tanga ni msiba. Taarabu ya hapa, ile iliyotengenezwa na Black Star Musical Club na baadaye Lucky Star, ilijipambanua na ya Unguja kwa magitaa ya umeme na mwendo unaomwinua mtu kitini. Ukimsikiliza Shakila Said, binti wa Pangani aliyefariki mwaka 2016, kupitia spika za flati, unamsikia yeye tu; gitaa la besi lililombeba limebaki nje ya mlango. Kwa hiyo mzee wa Ngamiani, mkazi wa mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, hafanyi anasa anapoitaka televisheni yake izungumze kwa amplifaya aliyoletewa na jamaa kutoka Maskati miaka thelathini iliyopita. Anadai haki yake.

Tatizo ni kwamba amplifaya ya zamani na televisheni ya leo hazina lugha moja. Nyuma ya amplifaya kuna matundu mawili, jekundu na jeupe, yanayongoja mawimbi ya umeme. Nyuma ya flati nyingi matundu hayo yameondolewa. Limebaki tundu dogo la mraba lenye kijilango, na ukikisukuma ndani unaona nukta ya mwanga mwekundu. Hilo ndilo tundu la Toslink, lililobuniwa na kampuni ya Toshiba ya Japani mwaka 1983. Sauti inatoka hapo ikiwa namba zilizoandikwa kwa mwanga unaowaka na kuzima: kwa kawaida namba 48,000 kila sekunde kwa spika ya kushoto, na nyingine 48,000 kwa ya kulia. Konvata inazipokea namba hizo, inazigeuza kuwa mawimbi, na inayatoa kwa matundu yale mawili yanayofahamika. Ina ukubwa wa kiberiti. Kwa kazi inayofanya, bei yake ni ya aibu.

Hapa ndipo fundi wa kweli anapoanza kutengana na mchomekaji. Mwanga unaonekana, waya umekaa sawasawa, konvata inawaka taa, na spika ziko kimya. Au zinatoa mchakacho kama mahindi yanayoungua. Konvata ngapi zimerudishwa dukani kwa kosa hili zikiitwa mbovu! Hazikuwa mbovu. Televisheni ilikuwa inatoa sauti iliyofungashwa kwa ajili ya majumba ya spika tano au sita, mfumo wa Dolby, na konvata ya bei ndogo haijui kuufungua mzigo huo. Fundi anaingia kwenye menyu, anatafuta mpangilio wa sauti ya dijitali, anaiondoa kwenye "Auto" na kuiweka "PCM". Ghafla muziki unajaa ukumbini na wenye nyumba wanamtazama utadhani amesoma kisomo.

Faida nyingine ya ule waya wa mwanga haitangazwi sana, ila mafundi wa pwani wanaijua vizuri. Nyumba yenye dishi juu ya paa, king'amuzi, televisheni na amplifaya, vyote vikiwa vimeunganishwa kwa shaba, mara nyingi huwa na mvumo wa chini usiokoma, ule wa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa sababu mkondo mdogo unapata njia ya kuzunguka kutoka chombo hadi chombo. Mwanga haubebi mkondo. Ukiweka waya wa plastiki unaopitisha nuru, mzunguko huo unakatika na mvumo mara nyingi unakwisha. Tena upepo wetu una chumvi. Pini za shaba na soketi hula kutu katika miezi ambayo nyumba za Korogwe au Handeni hazijaona hata doa. Waya wa mwanga hauliwi na chumvi. Unachotaka ni usikunjwe kwa pembe kali na kofia zake zisitupwe.

Sasa tuje kwenye kuchelewa, ambako ndiko kuliko na utamu wote.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kwamba jicho hutangulia sikio. Kwa miaka mingi ufuo wa Tanga ulisumbuliwa na uvuvi wa baruti, na aliyekuwa amekaa ufukweni aliiona kwanza nguzo kubwa ya maji ikiruka juu, akahesabu moja, mbili, tatu, ndipo mshindo ukamfikia. Sekunde tatu ni kama kilomita moja, kwa kuwa sauti hewani hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde. Tangu binadamu aanze kutazama mambo ya mbali, mambo yamekuwa hivyo: mwanga kwanza, kishindo baadaye. Haijawahi kutokea popote duniani mshindo ukafika kabla ya tukio kuonekana. Ndiyo sababu sikio lina huruma kwa sauti iliyochelewa na halina huruma kwa iliyotangulia. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilipoweka mwongozo wake wa mwaka 1998 kuhusu utangazaji, lilionyesha kwamba watazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 tu. Ikichelewa, hawagundui hadi ifike kiasi cha 125. Watangazaji wa Ulaya wamejiwekea mipaka mikali zaidi: isitangulie kwa zaidi ya 40, isichelewe kwa zaidi ya 60.

Kwa bahati mbaya, njia ya konvata inaweza kuleta kasoro ile ile isiyosameheka. Televisheni ya kisasa haionyeshi picha pale inapoipokea. Inaishika, inailinganisha na inayofuata, inalainisha mwendo wa mpira, inaongeza rangi. Huo ni urembo, na urembo unachukua muda: picha moja hukaa sehemu ya 25 ya sekunde, na flati inaweza kuzishika picha mbili tatu kabla ya kuziachia. Spika zake yenyewe huambiwa zisubiri. Ile sauti iliyotoka kwa mwanga, katika baadhi ya televisheni, haiambiwi. Inakimbilia kwenye konvata, kwenye amplifaya, na kufika sebuleni wakati msomaji wa habari ndiyo kwanza anafumba midomo.

Dawa ni kuichelewesha sauti, na bahati nzuri kuchelewesha sauti ni rahisi mno kuliko kuchelewesha picha. Sekunde nzima ya sauti ya spika mbili, ikiwa haijabanwa, haifiki baiti laki mbili. Picha moja tu ya flati ya kawaida ni baiti milioni sita. Kuhifadhi sauti kwa muda ni rahisi. Kuhifadhi picha ni gharama. Basi fundi anatafuta mahali pa kuisubirisha: kwanza kwenye menyu ya televisheni, ambako baadhi zina kipimo cha kuchelewesha sauti ya dijitali; kisha kwenye amplifaya, ikiwa ni ya kisasa; la sivyo, anashauri konvata yenye kitufe chake. Kabla ya yote hayo, fundi mwenye akili huzima ule urembo wa picha au kuweka mpangilio wa michezo ya video. Pengo linapungua lenyewe, naye hajaongeza chombo wala shilingi.

Na azime spika za televisheni. Wapo wanaotaka zote zilie, ya ndani na ya nje, ili sauti iwe "kubwa". Sauti mbili zinazopishana kidogo hulikanganya sikio. Zikipishana zaidi ya milisekunde 40 hivi, kila neno linasemwa mara mbili, na mechi inageuka kuwa mkutano wa hadhara kwenye bonde.

Bluetooth ni ugonjwa wa upande wa pili. Sauti inabanwa, inarushwa, inafunguliwa, na mara nyingi inafika imechelewa milisekunde 150 au zaidi. Hapo fundi hana la kufanya, kwa kuwa sauti iliyochelewa huwezi kuisukuma mbele. Anamwambia mteja anunue waya. Mteja anakasirika, maana sabufa ile aliinunua kwa ajili ya kutokuwa na waya.

Nisije nikaonekana nasifu jambo jipya kana kwamba Tanga haikulijua. Enzi za majumba ya sinema, wakati picha za Kihindi zilipokuwa zikijaza viti, ufundi huu ulikuwa mikononi mwa mwendesha mashine. Katika filamu ya milimita 35, sauti haikuandikwa pembeni mwa picha yake. Iliandikwa mbele, umbali wa picha 20 hivi, kwa sababu kisoma-sauti kilikaa mbali na taa. Picha 24 kwa sekunde: hiyo ni zaidi ya robo tatu ya sekunde. Mwendesha mashine alipoipitisha filamu kati ya magurudumu aliacha kitanzi, na kitanzi kikizidi kidogo, waimbaji waliimba nje ya midomo yao na ukumbi ukapiga miluzi. Alihesabu kwa vidole kile ambacho leo fundi anakihesabu kwa rimoti.

Kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya kulipia kutazama mechi, hesabu inapata ugumu mwingine. Ukumbi una urefu wa mita 15. Aliyekaa benchi la mwisho tayari anaipata sauti imechelewa milisekunde 44 kwa sababu ya hewa tu. Ukilinganisha kila kitu kwa aliyekaa mbele, wa nyuma anaona refa akipuliza kabla ya kusikia. Fundi mmoja niliyemtazama akiweka vyombo vya kibanda hakukaa mbele wala nyuma. Alivuta benchi katikati, akawasha mechi ya zamani ya Coastal Union, akaangalia mguu na mpira, akapunguza hatua moja. "Wa mbele atasamehe," alisema, "na wa nyuma atasamehe. Wa katikati ndiye aliyelipa."

Lililo nje ya uwezo wake ni kelele za jirani. Mwenye dishi atashangilia goli la Simba au Yanga sekunde kadhaa kabla ya anayetazama kwa simu, na hakuna menyu ya kutibu hilo. Nimewaona watu wakimlaumu fundi kwa jambo hili, naye akachoka kueleza.

Kazi nzuri ya namna hii huwa na kipande cha plasta nyuma ya amplifaya, kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: king'amuzi 80, flashi 40, YouTube 100. Kila njia ina ucheleweshaji wake, na fundi amezipima moja moja kwa midomo ya watu. Kijana wa nyumbani akifundishwa kuzisoma, ataweza mwenyewe. King'amuzi kikibadilishwa, plasta inabanduliwa, fundi anaitwa tena, na mara hii mwenye nyumba anamlipa bila kusitasita.